Je, Injini ya Gari Langu Inahitaji Kuoshwa kwa Ndani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wenye magari huyarudia kila wanapokwenda gereji kumwaga oili na kuambiwa kwamba injini ni chafu. Majibu yanahusu zaidi magari madogo ya petroli yaliyotumika Japani na kuletwa Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiyo yaliyo mengi barabarani. Dizeli, pikipiki na injini zenye maumbile ya pekee zimewekwa mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Kuosha injini kwa ndani ni kufanya nini hasa?

Ni kumimina ndani ya oili ya zamani dawa yenye viyeyushi au sabuni maalumu, kwa kusudi la kulegeza uchafu ulioganda kwenye njia za oili ili utoke pamoja na oili hiyo inapomwagwa. Kopo la kawaida huwa na mililita 300 hadi 500. Dawa humiminwa injini ikiwa imepata moto, injini huachwa ingurume gari likiwa limesimama kwa dakika 10 hadi 15, au kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha oili yote humwagwa na filta hubadilishwa. Mafundi wengi huiita kazi hii flashi, na ndilo jina litakalotumika hapa.

Jina hilo lina utata, na utata huo huwagharimu watu fedha. Kuna flashi ya rejeta, kuna flashi ya giaboksi, kuna kusafisha nozeli, na kuna vijana wa kuosha magari ambao kwao kuosha injini ni kuipiga maji na sabuni kwa nje. Kabla ya kulipa, uliza ni ipi.

2. Ikiwa injini imefungwa, uchafu huo unaingilia wapi?

Hauingii, unazaliwa humo humo. Sehemu ya gesi za mlipuko hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, zikiwa na mvuke wa maji, petroli isiyoungua na masizi. Oili nayo, kadiri inavyopikwa na joto na kukutana na hewa, huchakaa na kuanza kuwa nzito. Vitu hivyo vikichanganyika, huku viambato vya sabuni vilivyomo kwenye oili vikiwa vimeisha nguvu, hutokea tope jeusi linalofanana na grisi. Valvu ya PCV, ambayo kazi yake ni kuzivuta gesi hizo na kuzirudisha zikaunguzwe, ikiziba, tope hujengeka haraka zaidi. Cha kusikitisha ni kwamba spea hiyo ndogo husahaulika kwa miaka mingi.

Matumizi ya gari yana sehemu yake. Safari fupi haziipi injini muda wa kupata moto wa kutosha kuyavukiza maji yaliyomo kwenye oili, na gari linalokaa saa mbili kila siku kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi huichosha oili bila kilomita kusogea sana. Ndiyo maana ratiba ya kilomita peke yake hudanganya.

Maumbile ya injini pia huchangia. Mwaka 2002 kampuni ya Toyota ilitangaza nchini Marekani mpango maalumu wa kutengeneza injini zilizoharibiwa na tope la oili, ukihusu injini za 5S-FE na 1MZ-FE za magari ya mwaka 1997 hadi 2002. Injini za familia hizo mbili zilifungwa pia kwenye Toyota Harrier za kizazi cha kwanza, ambazo bado zinatembea kwetu. Mwenye gari la namna hiyo ana sababu ya kukagua mapema kuliko mwenzake.

3. Oili imekuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Je, si dalili ya kutosha?

Hapana. Oili nzuri ina viambato vya kusafisha na vya kuushikilia uchafu usitue, kwa hiyo oili inayobadilika rangi inaweza kuwa inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Oili isiyobadilika rangi hata kidogo baada ya kilomita 5,000 kwenye injini ya zamani hainipi faraja kubwa kuliko hiyo. Kinachostahili kuangaliwa ni chuma, na jinsi ya kukiangalia imeelezwa katika swali la 5.

4. Je, flashi ni sehemu ya sevisi ya kawaida, kama filta ya hewa au plagi?

Si hivyo. Injini ambayo oili na filta yake hubadilishwa kwa wakati, kwa oili ya kiwango kinachotajwa na mtengenezaji, haihitaji flashi kila sevisi, na wala haihitaji kila mwaka. Wapo watengenezaji wanaokataa kabisa: vitabu vya mwongozo vya magari ya Chevrolet ya General Motors vinaeleza kwamba kuosha mfumo wa oili hakupendekezwi na kwamba kunaweza kusababisha uharibifu usiogharimiwa na waranti. Ikiwa gari lako bado lina waranti, soma kitabu chake kabla ya kumruhusu mtu yeyote kumimina kitu kisicho oili.

## Kukagua kabla ya kuamua

5. Nitaionaje hali ya ndani bila kuifungua injini yote?

Anza na kifuniko cha kumiminia oili. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, kifungue, angalia upande wake wa ndani, kisha mulika tochi kwenye tundu. Katika injini nyingi utaona sehemu ya kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, au cheni ya taimingi inayouzungusha. Chuma kinachoonekana rangi yake, hata kama kimekuwa cha rangi ya asali au kahawia, ni habari njema. Chuma kilichofunikwa na kitu cheusi kinachokwanguka kwa ukucha ni habari nyingine kabisa.

Tundu hilo, hata hivyo, huonyesha sehemu ndogo, na mara nyingi ndiyo iliyo safi kuliko zote kwa sababu oili mpya hupita hapo kila sevisi. Hatua ya pili ni kumwomba fundi aipasue filta ya zamani na kuyakunjua makaratasi yake. Chembe ngumu nyeusi kama masalia ya kahawa ni dalili kwamba tope lililokauka limeanza kubanduka. Chembe zinazong'aa ni chuma kinachosagika, na hapo suala si uchafu tena.

Hatua ya tatu, ambayo naamini inastahili gharama yake kuliko kopo lolote la dawa, ni kuivua tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Kwenye injini za silinda nne zilizo nyingi kwetu, kama 1NZ-FE ya Vitz, IST na Probox, hiyo ni kazi ndogo kwa fundi aliyezoea: koili hutolewa, nati hulegezwa, na sehemu yote ya juu ya injini huonekana mbele ya macho yako. Nunua gasketi mpya ya tapeti kava kabla ya kuanza, kwa kuwa ya zamani iliyokakamaa huvuja ikirudishwa. Piga picha, ili sevisi ijayo uwe na cha kulinganisha.

6. Nimeona uchafu. Nitaamuaje kama unahitaji flashi?

Uamuzi unategemea aina ya uchafu zaidi ya wingi wake. Utando mwembamba wa kahawia ulioshika kwenye chuma kama vanishi hauzibi njia yoyote ya oili, na kuuondoa ni kutafuta urembo mahali ambapo hakuna atakayeuona. Uache.

Tope laini, jembamba, linalofutika kwa kitambaa na kuacha chuma kikionekana, ndilo eneo ambalo flashi ina nafasi ya kusaidia, mradi presha ya oili ni nzuri na injini haina kelele. Hata hapo mimi hupendelea njia ya polepole iliyoelezwa katika swali la 14.

Tope nene linalojaza mabonde ya silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini yenye valvu, au magamba makavu yanayovunjika kama makaa, halifai kupewa flashi hata kidogo. Watu wengi hufikiri kinyume, kwamba injini chafu zaidi ndiyo inayohitaji dawa zaidi, na hapo ndipo injini nyingi hupotea. Uchafu wa namna hiyo hutolewa kwa mikono: sampu ishushwe na kuoshwa, chujio la pampu ya oili lifunguliwe, tapeti kava ivuliwe, na tope likwanguliwe na kufutwa likiwa halijapewa nafasi ya kusafiri. Sababu imo katika swali la 12.

7. Fundi anasisitiza kwamba bila flashi hatanipa dhamana ya kazi yake. Nimjibu vipi?

Mjibu kwa heshima, kwa kuwa huenda ameona injini nyingi kuliko wewe: "Fundi, naomba kwanza unionyeshe uchafu wenyewe." Fundi makini hatachukizwa na ombi hilo, atafungua kifuniko, atamulika, na mtazungumza mkiwa mnatazama kitu kimoja. Asiyetaka kuonyesha, huku kopo likiwa limeshafunguliwa mkononi, amekwisha kukuamulia. Una haki ya kuomba oili na filta tu, ukaenda kutafuta maoni mengine.

## Dalili zinazochanganya watu

8. Taa ya oili inawaka gari likisimama kwenye foleni, na kuzimika nikikanyaga mafuta. Je, flashi itasaidia?

Usiendelee kuendesha, na usiweke flashi. Pima kwanza kiwango cha oili, kwa kuwa mara nyingine imepungua tu. Ikiwa kiwango ni sahihi, fundi afungue swichi ya presha ya oili na kufunga geji mahali pake, asome presha halisi injini ikiwa ya moto. Swichi mbovu ni spea ya bei ndogo. Presha ikiwa kweli iko chini, basi chujio la pampu limeziba, au pampu imechoka, au beringi za krenki zimelika, na flashi, ambayo huifanya oili kuwa nyepesi zaidi, huipunguza presha hiyo hiyo ambayo tayari haitoshi.

9. Gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Je, kuosha injini kutaponya?

Mara chache, na kwa sehemu. Ringi ya oili iliyoganda kwenye pistoni kwa kaboni inaweza kulegea kidogo, lakini ringi iliyolika, sili ya valvu iliyokakamaa au silinda iliyochubuka haikui upya kwa kumiminiwa dawa. Mfano mzuri ni injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye Alphard, Ipsum na Harrier za kizazi cha pili. Baadhi ya injini hizo zilipojulikana kwa kula oili, Toyota nchini Marekani iliongeza muda wa waranti kwa magari yaliyohusika, na tiba yake ilikuwa kubadilisha pistoni na ringi.

Kabla ya kufikia ovahoo, yaani kuifungua na kuitengeneza injini yote, kagua valvu ya PCV na upime mgandamizo wa silinda zote. Vipimo hivyo viwili huokoa fedha nyingi.

10. Oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Je, niioshe?

Ikiwa ute huo uko chini ya kifuniko tu, na unaishi mahali penye baridi kama Njombe au Limuru, na safari zako ni fupi, huenda ni mvuke uliogeuka matone ya maji ndani ya injini. Endesha gari safari ndefu kisha uangalie tena. Ikiwa kijiti cha kupimia nacho kina rangi hiyo, au maji ya rejeta yanapungua, maji yanaingia kwenye oili, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Tengeneza hitilafu hiyo kwanza. Baada ya matengenezo, maji yaliyobaki huondolewa kwa kumwaga oili mara mbili au tatu kwa vipindi vifupi, wala si kwa viyeyushi.

11. Injini inagonga kidogo asubuhi kwa sekunde chache, kisha inanyamaza.

Kwenye injini yenye tapeti za haidroli, yaani zinazojirekebisha kwa presha ya oili, tope linaweza kuwa limezuia oili kuzijaza, na hapo usafishaji wa polepole husaidia. Kwenye injini ya Toyota yenye VVT-i, mfumo unaotumia oili kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu, kagua valvu ya kudhibiti oili na kichujio chake kidogo, ambacho huziba kwa urahisi na husafishwa peke yake. Kelele inayoendelea injini ikiwa ya moto ni suala la beringi au cheni, na halihusiani na ukurasa huu.

## Hatari, na namna ya kufanya

12. Kwa nini hadithi za flashi kuua injini ni nyingi kiasi hiki?

Kwa sababu baadhi yake ni za kweli. Chini kabisa ya injini, ndani ya sampu, pampu hunyonya oili kupitia chujio la waya lenye matundu madogo. Chujio hili liko kabla ya pampu, kwa hiyo filta ya oili mnayobadilisha kila sevisi hailindi kitu hapo. Tope likilegezwa kwa wingi na kwa mara moja, vipande huteremka, hutua juu ya waya huo na kuufunika. Pampu hukosa cha kunyonya, beringi hukauka, na injini inanoki ndani ya dakika chache au baada ya siku kadhaa mwenye gari akiwa safarini, akiamini kwamba ametoka kuitendea wema injini yake.

Filta nayo ina mlango wa dharura: ikiziba, valvu iliyo ndani yake hufunguka na kuiruhusu oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Uchafu uliolegezwa huweza kupita hapo hadi kwenye njia nyembamba za kamshafti.

13. Fundi wetu humimina lita moja ya dizeli au mafuta ya taa, na amefanya hivyo kwa miaka mingi. Kuna ubaya?

Desturi hii ni ya zamani, na ilianza wakati oili zilikuwa na viambato duni na injini zilikuwa na nafasi pana kati ya vyuma. Ubaya wake ni mwepesi kueleza. Dizeli na mafuta ya taa hayana unene wa kutenganisha beringi na krenki inayozunguka, kwa hiyo kila dakika ya kunguruma ni dakika ya chuma kusugua chuma. Pili, oili haitoki yote inapomwagwa. Sehemu yake hubaki kwenye njia na mifuko ya silinda hedi, na mchanganyiko huo unaobaki huiharibu oili mpya uliyoinunua kwa bei kubwa. Kwamba injini kadhaa zimenusurika si uthibitisho wa usalama. Ni pata potea, na anayepoteza si fundi.

Mafuta ya taa yana mahali pake: kuoshea sampu na tapeti kava zikiwa zimefunguliwa mezani, kisha zikafutwa na kukaushwa.

14. Je, kuna njia ya kusafisha bila flashi?

Ipo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa injini nyingi zenye tope la kadiri. Weka oili nzuri ya uzito unaotajwa na mtengenezaji, yenye alama ya kiwango cha karibuni cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), kama API SP kilichoanza kutumika mwaka 2020, pamoja na filta mpya ya kuaminika. Tembea kilomita 1,000 hadi 1,500, kisha mwaga oili na ubadilishe filta tena. Rudia mara mbili au tatu, ukiangalia kila mara chini ya kifuniko na ndani ya filta. Viambato vya oili vyenyewe hulegeza uchafu kidogo kidogo, na kila kipande hupata muda wa kukamatwa na kutolewa.

Njia hii huchukua miezi, na jumla ya gharama yake hupita kopo moja la dawa. Toyota ndogo yenye 1NZ-FE huchukua lita 3.7 pamoja na filta, hivyo si mzigo usiobebeka. Nunua oili kwa wakala au kituo cha mafuta kinachoaminika, kwa kuwa oili bandia ndiyo mojawapo ya chanzo cha tope lenyewe.

15. Nimekagua, tope ni jembamba, presha ni nzuri, na nimeamua kutumia flashi. Nifuate hatua zipi?

Tumia dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa kipimo kinacholingana na lita za oili za injini yako. Hakikisha kiwango cha oili ya zamani kiko sawa, na kama kitapita alama ya juu ukiongeza dawa, punguza oili kwanza. Ipashe injini moto, izime, mimina dawa, iwashe tena na uiache ingurume yenyewe. Usiendeshe gari wala kupandisha mzunguko, isipokuwa maelezo ya kopo yaseme ni dawa ya kutembelea. Mtu abaki karibu akitazama taa ya oili. Ikiwaka, zima mara moja.

Muda ukifika, mwaga oili ingali ya moto, gari likiwa mahali tambarare, na uache idondoke hadi iishe. Badilisha filta. Weka oili mpya, na uipange sevisi inayofuata baada ya kilomita 1,000 tu, ili masalia ya dawa na uchafu yatoke.

16. Injini imeanza kuvuja baada ya flashi. Je, dawa imekula sili?

Mara nyingi sili na gasketi zilikuwa zimekwisha kukakamaa na tope ndilo lililokuwa limeziba ufa. Kulirudisha tope haiwezekani, badilisha sili. Hii ni sababu nyingine ya kuacha injini ya zamani isiyovuja na yenye utando tu iendelee na maisha yake.

## Hali za pekee

17. Nimenunua gari lililotoka Japani na sijui historia yake. Nianze na flashi?

Anza na ukaguzi wa swali la 5, kisha mwaga oili na ubadilishe filta hata kama oili inaonekana safi, kwa kuwa haijulikani ni ipi wala iliwekwa lini. Mwaga tena baada ya kilomita 1,500. Usiiamini sana namba ya kilomita kwenye dashibodi, kwani huweza kurudishwa nyuma. Tope lililo chini ya tapeti kava ni shahidi mgumu zaidi kurubuniwa.

18. Gari langu ni la dizeli. Je, kuna tofauti?

Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema sana kwa sababu ya masizi, kwa hiyo swali la 3 lina uzito maradufu hapa. Ukaguzi ni ule ule, na dawa, ikibidi, iwe imeandikwa kwamba inafaa injini za dizeli.

19. Injini yangu ina turbo, au ina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili.

Turbo hulainishwa kupitia bomba jembamba ambalo chembe moja inaweza kuliziba, kwa hiyo njia ya polepole ni salama zaidi. Kwa injini zenye mkanda ndani ya oili, kama Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën, epuka viyeyushi vyote visivyoidhinishwa na mtengenezaji wa gari. Mpira wa mkanda huo ukiharibika humomonyoka, na mabaki yake huishia kwenye chujio lile lile la swali la 12.

20. Injini ya D-4, ile ya Toyota inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, imejaa kaboni kwenye valvu za kuingizia hewa. Flashi itaitoa?

Haitaitoa, kwa sababu oili haipiti upande huo wa valvu. Kaboni hiyo husafishwa kwa kuivua manifoldi ya hewa.

21. Naweza kutumia dawa ya gari kwenye bodaboda?

Usitumie. Kwenye pikipiki nyingi za kazi, kama Bajaj Boxer, klachi huoga katika oili ile ile ya injini, na dawa ya gari inaweza kuifanya iteleze. Pikipiki huchukua oili kidogo. Imwage mapema na mara nyingi.

22. Oili chafu iliyochanganyika na flashi niifanyie nini?

Watu wengi huihifadhi oili chafu ili kupaka mbao dhidi ya mchwa. Iliyochanganyika na flashi ina viyeyushi vinavyowaka kwa urahisi na kutoa mvuke mkali, hivyo isipakwe kwenye paa wala kuwekwa jikoni. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, andika kilichomo, na umwachie fundi anayewauzia wakusanyaji wa oili chafu. Isimwagwe kwenye mtaro.